Foleni ya Wenye Kifua

Mjini Lamu, sauti ya Bwana Abdulwahid ikisikika kwenye spika, watu husema kwanza "Inna lillahi", ndipo watege sikio kujua ni nani. Si kosa lake. Kwa miaka mingi yeye ndiye msemaji wa Jumuiya ya Kheri na Mazishi, na jumuiya hiyo hufanya kama inavyoitwa: sanda, mikeka, jeneza, futari za mafakiri mwezi wa Ramadhani, na matangazo. Matangazo yenyewe, kwa sauti nzito inayovutwa mwishoni mwa kila jina, hurekodiwa na kutumwa kwa WhatsApp mpaka Pate na Kiwayu, na hata kwa Waamu walioko Uarabuni, nao huyaamini kuliko cheti cha serikali. Yeye mwenyewe aliipenda sauti yake, na nani angemlaumu? Alikuwa na duka la vitambaa, na alipokupimia kitambaa cha doria alihesabu mita kwa sauti ile ile, ukatoka pale na kitambaa chako kwapani ukihisi umefiwa.

Asubuhi moja akaingia dukani Bi Asmaa, mwalimu mkuu mstaafu aliyewasomesha watoto wa nusu ya mji, wa Bwana Abdulwahid wakiwemo. Bi Asmaa aliwahi kuugua saratani, akakatwa titi moja, akapona, na tangu hapo akawakusanya wanawake waliopitia njia hiyo hiyo wakafanya kikundi. Walikiita Tumevuka.

"Sikuja kununua," alisema akiketi. "Nimekuja kuazima sauti."

Bwana Abdulwahid aliweka mkasi chini. "Nani amefariki?"

"Hakuna. Nataka tuwahi kabla hawajafariki."

Akamweleza. Wanawake wa visiwa vya juu, Pate na Kiwayu, na pwani ya bara iliyoelekeana navyo walikuwa wakifika hospitali maradhi yameshakomaa, wengine wakibebwa. Shirika moja la Nairobi, Afya Mapema, lilikuwa na daktari, muuguzi na hema, ila halikuwa na mtu anayejulikana huko. Tumevuka walikuwa na wanawake wanaoyajua maradhi kwa miili yao. Kila mmoja akienda peke yake hafiki popote. Wakiungana, huenda wakafika.

"Na sisi Jumuiya tuna nini cha kuleta?" aliuliza Bwana Abdulwahid kwa unyenyekevu wa mtu anayengoja kusifiwa. "Sisi tuna jeneza."

"Jeneza liacheni nyumbani. Tuna haja na heshima yenu. Neno likitoka kwako, wanaume hawatauliza mara mbili, na wake zao watakuja na moyo mkunjufu."

Hapo alishashikwa. Mtu akiisifu heshima yake na sauti yake kwa pumzi moja, Bwana Abdulwahid hakuwa na la kukataa.

Mashirika matatu yakakutana ukumbini kwa Bi Asmaa. Ungedhani wanagawana urithi. Kwanza walizozana jina la nani litangulie kwenye bango, na mwisho yakaandikwa yote kwa mstari mmoja, herufi ndogo kiasi cha kumlazimu msomaji abandike pua. Halafu zikaja fulana za rangi ya waridi. Daktari wa Afya Mapema, kijana mrefu jina lake Kiptoo, alizivaa bila taabu. Bwana Abdulwahid akasema yeye ni mtu wa kanzu tangu azaliwe. Wakamsihi avae japo utepe. Akaukubali, akaubandika kwa ndani ya koti, upande ambao Mungu peke yake angeuona.

Kisha muuguzi Nerea akaanza kueleza kazi itakavyokwenda. Nerea alikuwa mtu wa Kakamega, mcheshi, asiyezunguka maneno. Alisema matiti. Alisema chuchu. Alisema shingo ya kizazi, na akaonyesha kwa mikono. Bwana Abdulwahid akainua macho kwenye dari, akazitazama boriti moja baada ya nyingine kama fundi aliyeitwa kukagua mchwa, wala hakuyashusha mpaka Nerea alipoketi.

"Maneno hayo ndiyo utakayoyatangaza," Bi Asmaa alimwambia.

"Maneno niachieni mimi," alijibu. "Watu wetu nawajua. Nitayavika nguo."

Bi Asmaa alimwachia. Baadaye alikiri kwamba alipaswa kumuuliza palepale ni nguo gani.

Kabla hawajaachana Bwana Abdulwahid alitoa taarifa moja zaidi: "Na nyumbani atakuja nasi, atasaidia upishi."

Nerea alingoja mpaka mzee amekwisha kutoka, ndipo akamuuliza Bi Asmaa kwa sauti ya chini nyumba itapakiwaje kwenye boti. Bi Asmaa alicheka mpaka akashika ukuta. "Nyumbani ni mkewe," alisema. "Anaitwa Umi, lakini jina hilo hulisikii kwa bwana huyu hata ukimtia kwenye maji ya moto."

*

Walifika Mkokoni, kijiji cha pwani ya bara, mapema, boti mbili, watu na masanduku. Wenyeji waliwapokea kwa chai na mahamri. Kufikia saa tatu hema lilikuwa limesimama kando ya zahanati, limegawanywa kwa mapazia mazito ambayo Bwana Abdulwahid aliyatoa dukani kwake mwenyewe. Nerea alivaa glavu. Wanawake watatu wa Tumevuka waliketi kwenye mkeka mlangoni kuwapokea watakaokuja na kuwatoa hofu. Kilichobaki ni sauti.

Bwana Abdulwahid alikamata spika ya mkono, akasimama penye njia kuu ya kijiji, akakohoa kidogo.

"Waungwana wa Mkokoni..."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun!" mtu aliitikia kutoka nyuma ya ua. Mlango ukafunguka, mwengine ukafunguka. Mwanamke mmoja alishaanza kuvua bangili.

"Hakukufa mtu!" alisema haraka. "Waungwana, hakukufa mtu. Yeo tumewaletea neema. Tumewaletea madaktari."

Kijiji kikapumua. Naye akaendelea, sasa amekolea, maneno yakimtoka kama shairi. Akasema kumezuka maradhi mabaya, Mungu atuepushe nayo. Akasema maradhi hayo yana tabia ya kushika kifua, na mengine yana tabia ya kushika shingo. Akasema huanza kidogokidogo, mtu akadharau, na dawa yake ni kuwahi. Mwenye kuhisi lolote kifuani au shingoni, yeye au watu wake, na aje zahanati, asione haya, mapazia yapo. Alikipitia kijiji kizima, mtaa kwa mtaa, kisha akarudi akaketi kwenye baraza ya zahanati, akaletewa kahawa. Alikuwa ameridhika na nafsi yake. Hakuna neno hata moja alilosema ambalo asingelisema mbele ya mkwewe.

Na watu walikuja, wallahi. Nusu saa haikupita benchi zimejaa, foleni imezunguka zahanati imetokea upande wa pili. Mbele kabisa alikuwa Mzee Gharib, mvutaji wa tumbaku mashuhuri, ambaye kikohozi chake kilisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Nyuma yake wazee wengine wa kukohoa, kila mmoja na mlio wake. Imamu wa msikiti, Sharifu Alwi, naye alikuwamo, kifua kilimbana tangu kipupwe. Kulikuwa na bwana mmoja ambaye shingo yake haikugeuka tangu aanguke mnazini, akilazimika kugeuka mwili mzima kumjibu aliyemsalimu. Wengine shingo ziliwauma kwa kulala vibaya. Dereva wa boti yao wenyewe, aliyewaleta, alikumbuka kwamba naye ana shingo, akaingia foleni.

Dokta Kiptoo alichungulia nje, akauona umati, akafurahi. Kisha akautazama tena.

Ndani ya hema Nerea aliita, "Karibu, mama, usiogope," na pazia likafunguka akaingia Mzee Gharib, anafungua vifungo vya shati.

"Mzee," Nerea alisema, "hapa ni kwa akina mama."

"Kwani kifua ni cha akina mama peke yao?" aliuliza Mzee Gharib, na kwa hasira akashikwa na kikohozi kilichotikisa hema. "Nimeambiwa kifua, nimekuja na kifua. Au mwataka nilete cha jirani?"

Wanawake wa Mkokoni hawakuwapo kabisa. Walikuwa wamesimama mbali, penye kisima, buibui zimefunika pua, wakiwavuta watoto wasiende karibu na zahanati. Habari iliyokuwa imewafikia ni kwamba kikohozi kibaya kimeingia na wagonjwa wote wamekusanywa pahali pamoja. Walikuwa wakimshukuru Mungu kwamba wao ni wazima.

Bi Asmaa alimfuata Bwana Abdulwahid barazani. Alikuwa amejizuia kucheka njia nzima, lakini alipofika mbele yake kicheko kilikwisha, kikabaki kitu kingine.

"Bwana Abdulwahid, hongera. Umetuletea kila kikohozi cha tarafa hii."

"Lakini watu wamekuja," alisema, akionyesha foleni kwa kikombe. "Umati wote ule!"

"Wamekuja, naam. Hakuna hata mmoja mwenye titi."

Kahawa ilimpalia. Akatazama kushoto na kulia kama kuna aliyesikia.

"Sema neno lenyewe," Bi Asmaa alimwambia. "Lina herufi nne."

"Mimi? Kwenye spika? Mimi ninayewasomea watu maiti zao?" Alishusha sauti. "Bi Asmaa, kuona haya ni katika imani. Sema wewe, wewe ni mwanamke."

"Nikisema mimi, watasema Asmaa amezoea, na waume zao watawafungia milango. Wanakungoja wewe."

"Basi niambieni nigeuze namna. Nitasema... mahali pa kunyonyea mtoto."

"Watakuletea watoto," alisema Bi Asmaa, akainuka akaenda zake kwenye mkeka wa wenziwe.

*

Mwanamume aliyefedheheka ana pahali pamoja pa kwenda, napo ni jikoni kwa mkewe, ajifanye anatafuta maji. Bwana Abdulwahid alizunguka nyuma ya zahanati, ambako Bi Umi na wenyeji wawili walikuwa wakipika wali wa nazi kwenye sufuria kubwa. Bi Umi alimwona uso wake, akawaachia wenziwe mwiko, akamwita pembeni, kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Nimesikia tangazo," alisema.

"Watu hawa hawaelewi lugha," Bwana Abdulwahid alianza. "Nimesema kwa ufasaha..."

"Baba Athman. Mamako alikufa kwa maradhi gani?"

Hakulitarajia. "Unajua wewe. Kifua. Nilimtangaza mwenyewe."

"Kifua gani?"

"Kifua, Mama Athman. Kifua ni kifua."

"Ulimsikia akikohoa?"

Alijaribu kukumbuka. Alimwona mamake, Bi Mwana, kwenye kitanda cha chumba cha ndani, leso mbili zimezungushwa kifuani zimekazwa, mkono mmoja haupandi. Alikumbuka udi. Chumba kile kilifukizwa asubuhi, mchana na jioni, hata akawa anatania kwamba mamake anajipamba upya. Kikohozi hakukikumbuka.

"Lilikuwa titi," alisema Bi Umi. "La kushoto. Lilianza kama kokwa ya ubuyu, akanionyesha, akasema litaondoka. Halikuondoka. Likapasuka likawa kidonda, nami nikawa namuosha. Udi ule ulikuwa wa kuficha harufu, wewe ukiingia usiisikie."

Bwana Abdulwahid aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kofia ilimwinamia usoni, hakuiweka sawa.

"Mbona hukunambia?"

"Alinikataza. Alisema, mwanangu ni mtu wa watu, asije akaona haya kunitangaza. Nikamwahidi, na nimeishika ahadi hiyo mpaka yeo." Sauti yake haikupanda. "Mungu anisamehe kuivunja. Lakini nimetoka pale kisimani kuteka maji, nimewaona wanawake wale wanavyowakimbiza watoto wao, na kati yao mna mmoja amekishika kifua chake kwa mkono hivi, kama alivyokuwa akikishika mamako. Siwezi kukaa nikakoroga wali."

Bwana Abdulwahid akauliza, kama mtoto, "Aliumwa sana?"

"Sana," alisema Bi Umi. Hakutaka kumdanganya tena.

Akalia. Alilia kwa utaratibu, kwa leso ya mfukoni, asijue afanye nini na mikono yake. Bi Umi alisimama mbele yake kumkinga na macho ya wapishi, akaiweka kofia yake sawa, kisha akasema kwa upole: "Ukimaliza, uso utie maji. Una kazi."

Lakini mtu hawezi kubadilika mara moja kama taa. Kabla ya kurudi kwenye spika Bwana Abdulwahid alijivuta mpaka kwenye foleni, akamtoa Sharifu Alwi pembeni. Alitaka fatwa. Alizunguka, akapinda, akasema kuna neno fulani la kiungo fulani, je, yafaa kulitamka hadharani kwa maslahi ya umma?

Sharifu Alwi alimsikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akafuta mdomo. "Bwana Abdulwahid, kila Jumamosi nasomesha fiqhi ya twahara. Hedhi, nifasi, janaba, yote kwa majina yake, na vijana wanaandika. Mpaka sasa hajazimia mtu. Nenda kaseme."

*

Alisimama pale pale aliposimama asubuhi.

"Waungwana wa Mkokoni, ni mimi tena. Bado hakukufa mtu."

Watu wa foleni wakageuka. Yule wa mnazi akageuka mwili mzima.

"Asubuhi nilisema kifua. Nimekosea. Nilikusudia..." Kijiji kikangoja. Bi Asmaa alisimama mkekani, ameshika mkono wa mwenziwe. "Nilikusudia titi."

Akasikika mbuzi akitafuna boksi. Kisha watoto wakaangua kicheko, na Bwana Abdulwahid, aliyekuwa amekwisha kuvuka pale alipokuwa akipaogopa, akaona hakuna kurudi nyuma.

"Titi! Matiti ya wanawake, mama zetu, wake zetu na dada zetu. Na ile shingo si hii ya kuvalia mkufu, ni shingo ya kizazi, kule ndani kwenye mlango wa tumbo la uzazi. Maradhi yenyewe ni saratani. Uvimbe mgumu kwenye titi au kwapani, hata kama hauumi. Chuchu ikigeuka ikaingia ndani, au ikatoa maji au damu. Ngozi ikibonyea ikawa kama ganda la chungwa. Damu inayotoka si wakati wake." Yote aliyoyasema Nerea ukumbini, neno kwa neno, kumbe macho ndiyo yaliyokuwa kwenye boriti. "Mamangu mzazi, Bi Mwana, alikufa kwa saratani ya titi. Sikujua. Alinificha kwa kunistahi, nikamtangaza kwa maradhi ambayo hakuwa nayo. Sitaki mtu wa hapa anistahi hivyo. Mtu akiwahi, hupona. Bi Asmaa yule amewahi, na sasa ana nguvu za kunigombeza mimi."

Alitaka kuongeza jambo, lakini kutoka mlangoni mwa nyumba ya karibu bibi mmoja kizee, mgongo umempinda, mdomo haujapinda hata kidogo, akapiga ukelele:

"Na wewe, bwana mzima, yeo ndio unalijua jina lake? Ulilinyonya miaka miwili!"

Penye kisima kicheko kililipuka. Wanawake walicheka, wakapigana mabega, wakafunua pua. Bwana Abdulwahid alisimama na spika yake, amewiva uso kama embe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake watu walikuwa wakicheka kwa sababu ya sauti yake. Aligundua kwamba hakuchukia. Bibi kizee akachukua mkongojo wake, akasema anakwenda kuwaonyesha madaktari yaliyobaki, na wengine wakamfuata, kwanza wawili, halafu kundi.

Wenye vikohozi hawakufukuzwa. Dokta Kiptoo aliwahamishia ukumbi wa madrasa, akawapima mmoja mmoja, wale walioonekana na dalili za kifua kikuu akachukua makohozi yao yapelekwe Lamu. Mzee Gharib alikuwa wa kwanza, naye anadai mpaka leo kwamba yeye ndiye aliyeifungua kambi ile.

Alasiri, Bwana Abdulwahid akiwa amekaa peke yake, alikuja kijana mmoja mwenye mwili wa mpiga mbizi, jina lake Harith, mvuvi wa kamba. Alisimama akichora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Bwana, kuna jambo. Watu wangu wa nyumbani... wana kifua."

"Kifua kipi?"

"Hicho ulichokitaja."

"Mimi nimevitaja viwili leo. Kipi?"

Kijana akatazama juu. Pale hapakuwa na boriti, palikuwa na mbingu tupu, haikumsaidia. "Titi," alisema, karibu asisikike. "La kulia. Ana uvimbe tangu Ramadhani. Anamnyonyesha mtoto, tukaambiwa ni maziwa yameganda. Hataki kuja. Anaogopa akija litakatwa."

"Yuko wapi?"

Alikuwa kisimani, amebaki peke yake. Ndiye yule aliyeshika kifua. Bwana Abdulwahid hakwenda. Alijua mpaka wa kazi yake. Alimwita Bi Umi, na Bi Umi akaenda na Bi Asmaa, wakaketi naye kwenye ukingo wa kisima. Walizungumza nini hakuna aliyewauliza. Ila walioona wanasema Bi Asmaa alimkamata yule binti mkono, akauingiza ndani ya buibui lake mwenyewe, upande ulio bapa, akauacha hapo. Baada ya muda wakainuka wote watatu, wakaingia hemani.

Jina lake Huwaida. Nerea alimpima, akampima tena, na safari hii hakufanya mzaha wowote. Siku ya pili Huwaida akapanda boti pamoja nao.

*

Vipimo vilisema ni saratani, bado haijaenda mbali. Huwaida alipelekwa Mombasa, akapasuliwa, kisha akatiwa dawa ya mishipani, moja baada ya nyingine, kwa miezi. Mashirika yale matatu, yaliyoshindwa kukubaliana bango, yalikubaliana kwa hilo bila kikao: Afya Mapema walimtafutia nafasi hospitalini, Tumevuka walihakikisha hakai peke yake kitandani, na Jumuiya ya Kheri na Mazishi, kwa mara ya kwanza tangu iundwe, ikamsafirisha mtu aliye hai. Kila akitoka Mombasa alipumzika Lamu kwa Bi Umi kabla ya kurudi Mkokoni. Nywele zilimtoka, kucha zikageuka nyeusi, akawa hapendi harufu ya chochote isipokuwa ndimu. Bwana Abdulwahid alikuwa akimwachia ndimu mlangoni kwenye sahani, agonge, aondoke.

Si wote waliobahatika. Kati ya wanawake waliopimwa siku ile alikuwamo mmoja, mtu mzima, ambaye maradhi yalikuwa yameshafika mifupani. Tumevuka walimpelekea dawa za maumivu na kukaa naye kwa zamu mpaka mwisho wake, na wanawe walisema mama yao alilala usingizi, jambo ambalo hakuwa nalo kwa miezi.

Mwaka ulipozunguka, Huwaida alikuja Lamu kwa vipimo vya kufuatilia, pamoja na Harith na mtoto. Majibu yalikuwa mazuri. Jioni ile kutoka chumba cha ndani vilisikika vicheko, Bi Umi, Huwaida na Bi Asmaa, na kila Bwana Abdulwahid alipojikohoza kwenye ukumbi kutaka kujua kinachochekwa, vilizidi. Alishuku kwamba anachekwa yeye, na alishuku kweli. Mwisho Bi Umi alitoa kichwa mlangoni.

"Hatuna mkate. Katafute mofa, na usifanye haraka."

Akatoka. Kwa muuza mofa palikuwa na watu, tanuri ndiyo kwanza inawaka, akangoja. Hapo akamkuta Harith, naye ametolewa nyumbani vivyo hivyo, mtoto amemlalia begani. Waliketi kwenye baraza wakizungumza habari za kamba, bei ya vitambaa na injini ya boti iliyomsumbua Harith, mpaka mikate ikaja ya moto, imefungwa kwenye gazeti. Mtoto aliamka kwa harufu, akanyoosha mkono. Bwana Abdulwahid akamega kipande, akakipuliza, akampa.